Anwani ya Jalalani

Mara ya pili korti ilipomwita Mama Birago na kumkosa, alikuja kwangu miguu mitupu. Viatu hakuvisahau. Kimoja alimtupia mbuzi aliyemzibia njia, na cha pili akamtupia mwenye mbuzi kwa kosa la kucheka.

"Shemeji," aliniambia, akaibwaga kompyuta yake juu ya meza yangu kama mtu anayebwaga kuni, "nionyeshe mahali pa kuipiga hii kitu ili isikie maumivu."

"Kompyuta haina pa kuumia."

"Basi ni ndugu yao wale wachimbaji."

Birago ni dada mkubwa wa marehemu mke wangu, na katika ukoo ule hasira hurithiwa upande wa mama, pamoja na mashamba. Shamba lake la kakao lilikuwa ng'ambo ya mto. Aliachiwa na mama yake, na mama yake aliachiwa na mama yake. Kampuni moja ya dhahabu, yenye karatasi nyingi na aibu kidogo, iliingiza mitambo humo wakati wa mvua. Iling'oa miti kama mtu anavyonyonyoa kuku, ikaugeuza mto upite kule ilikotaka. Mto nao ukakasirika, ukaja kutuchukulia daraja. Nililiona kwa macho yangu likipita mbele ya nyumba, limenyooka vizuri, na askari wa kizuizi cha barabarani angali amekaa juu yake akiwaomba samaki leseni.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kufika Kumasi, kwenye korti. Jaji akasema sawa, mama atasikilizwa kwa mtandao, uso kwa uso kwenye kioo. Ila aliweka sharti: vikao vitatu vikipita mlalamikaji hajaonekana, kesi inafutwa na mitambo inaendelea kuchimba. Kikao cha kwanza uso wa Birago ulitokea, ukaganda mdomo wazi, ukapotea. Cha pili, kilichokuwa asubuhi ile ile ya viatu, ulipotea kabla mdomo haujafunguka. Kilibaki kimoja, Jumatano iliyofuata.

"Wakili wao alikuwa anacheka," alisema. "Nilimwona kabla sijazimika. Ana pengo hapa." Akajigusa jino la mbele. "Mtu mwenye pengo ananicheka mimi, mwenye meno yangu yote."

Sasa, ili uielewe hasira ile, lazima nikueleze mtandao wa Asuotiaa ulivyopewa majina. Najua nina sifa ya kuongeza chumvi. Humu sikuongeza, ilikuwamo tayari.

Simu za mkononi hapa kwetu ni za kutazamia saa. Tuko bondeni, milima imetukalia pande zote kama wakwe waliokuja kudai. Shirika fulani lilituonea huruma, likafunga mnara mdogo juu ya paa la jumba la Nana, chifu wetu, na chumbani chini yake likaweka kisanduku chenye masikio mawili kinachoitwa ruta. Mwalimu aliyekuja nacho alikuwa binti mmoja wa mkoa wa Volta, Bi Dzifa, mwembamba mwenye sauti ya kengele. Alitukusanya uani akatufundisha.

"Ruta," alisema, "ni kama Msemaji wa Nana."

Hapo alitupata, maana kwetu hakuna anayesema na Nana moja kwa moja. Unamwambia Msemaji, mshika fimbo ya dhahabu, na Msemaji anamwambia Nana, hata kama Nana amekaa karibu yako kiasi cha kukusikia tumbo likinguruma.

"Kompyuta yako haisemi na dunia," Bi Dzifa aliendelea. "Inasema na ruta. Ruta ndiyo inayosema na dunia, na jibu linarudi kwa njia hiyo hiyo. Na maneno hayaendi kwa mkupuo. Yanakatwa vipande, kila kipande kinafungwa kama dokono, lile donge la unga wa mahindi, kwenye jani lake. Hicho kinaitwa pakiti. Juu ya jani panaandikwa anwani, inakotoka na inakokwenda. Ruta inasoma anwani tu. Ndani haifungui."

"Na anwani yenyewe, mtu anaipata wapi?" aliuliza Msemaji mwenyewe, Bosiako, ambaye alikuwa amejiwekea kiti mbele ya watu wote.

"Ruta inagawa. Mashine ikiwashwa inaomba, inapewa namba ambayo mwenzake hana. Namba ni kama jina, lakini wawili hawawezi kuitwa jina moja. Hilo msilisahau hata mkisahau mengine yote."

Tulilisahau kabla vumbi la gari lake halijatua. Au niseme tulisahaulishwa, maana nywila ya ruta aliachiwa Bosiako, na Bosiako alikuwa ameona kitu kilichomuuma. Alitoa tangazo kwa sauti ya Nana. Kisanduku kilichotoka nje hakiwezi kuwapa majina watoto wa Asuotiaa. Mtoto hupewa jina na wazee, siku ya nane, kwa tone la maji na tone la pombe kali kwenye ulimi, ajue kwamba akisema maji yawe maji, na akisema pombe iwe pombe. Akaingia chumbani, akauzima ule ugawaji. Tangu hapo kila kompyuta iliyoletwa mjini ilipelekwa uani siku ya nane, ikafunikwa kitambaa cheupe, ikadondoshewa. Tatu zilikufa kwa maji. Moja ilikufa kwa pombe, na waliokuwepo wanasema ilikufa inacheka.

Namba nazo zilifuata siku ya kuzaliwa, kama sisi wenyewe. Kwetu mwanamume wa Ijumaa ni Kofi, awe mnene awe mwembamba, wa Jumatano ni Kwaku, hakuna ubishi. Kompyuta iliyoingia mjini Jumapili ilipewa namba moja, ya Jumatatu mbili, mpaka Jumamosi saba. Mwanzoni mashine zilikuwa chache kuliko siku za wiki, mambo yakawa asali. Kisha watu wakaanza kuzinunua gulioni, na gulio letu ni la Ijumaa.

Mji ukajaa Kofi.

Binadamu kumi wenye jina la Kofi wanaweza kuishi mtaa mmoja. Unaita, wanageuka wote, unasema si wewe, yule mwenye kitambi. Ruta haijui kitambi. Ikiletewa pakiti ya namba sita, inampa namba sita aliyepiga kelele mwisho, na mwenzake anakatika katikati ya neno. Kuna mtu hapa alimchumbia binti wa Tamale kwa wiki nzima, kumbe nusu ya majibu yake matamu yanatua kwa kinyozi. Watu wakagombana, wakashikana mashati, wakaacha kuzikana. Kubadilisha namba kwenye mashine yako si kazi, unabonyeza tu. Lakini Bosiako alikuwa ametangaza kwamba anayejipa jina mwenyewe amejitoa katika mji, na faini ni kondoo na chupa.

"Nikubadilishie," nilimwambia Birago siku ile, nikashusha sauti. "Tunaweka tisa. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na yule mwenye pengo atajua, maana siri ya mji huu haina kifuniko. Shemeji, kortini nimekwenda kusema nini? Nimesema shamba ni langu kwa mila. Karatasi wanazo wao, mimi nina mila. Leo nikiivunja, kesho wanamsimamisha Bosiako mbele ya jaji aseme huyu mwanamke ametozwa kondoo na chifu wake mwenyewe. Nitabaki na nini mkononi? Maganda?"

"Tumia mashine ya mtu mwingine."

"Ya nani? Yako?"

Yangu ni Kofi vile vile. Ya Jumanne ni ya shule, na shule iko ng'ambo ya daraja ambalo saa hizo lilikuwa labda linaingia baharini. Ya Jumatatu ni ya mwenye duka la dawa, ambaye amemwoza binti yake kwa meneja wa wachimbaji, na Birago angekunywa sumu ya panya kuliko kuomba kitu katika duka lile. Nyingine ni zile zilizokufa kwa maji na kwa pombe.

"Sikiliza," alisema. "Niliwaapisha wenye Kofi wote wazime leo asubuhi. Nyumba baada ya nyumba. Wote waliapa. Kwa hiyo kuna mtu amekula kiapo changu kama karanga. Mashine iliyokuwa inafanya kazi inakuwa moto, au siyo?"

"Inakuwa moto."

"Na kikao kimekwisha sasa hivi. Vaa shati."

Alinitangulia. Mtu wa kwanza alikuwa kinyozi, Ameyaw, aliyekuwa na kichwa cha mteja nusu kimenyolewa.

"Nipe mgongo," Birago alimwambia.

"Mgongo wa nani, Mama?"

"Wa kompyuta yako. Wa kwako una upele."

Ameyaw akaitoa chini ya kiti. Birago akabandika kiganja mgongoni mwa mashine kama anayempima mtoto homa, akakitoa, akaondoka bila kuaga. Ilikuwa baridi. Ya fundi baiskeli ilikuwa baridi. Ya mwimbishaji wa kwaya ilikuwa baridi, na mwenyewe alitukasirikia kwa kumshuku, akatuambia yeye ni mtu wa Mungu. Birago akamwambia Mungu ndiye aliyemfundisha kushuku. Kwa Frema, muuza samaki wa moshi, kiganja kilikuta joto. Birago akakaza kilemba, akafungua mdomo kuanza, nami nikasogeza visu vya samaki mbali naye. Kumbe kuku alikuwa ameilalia mashine na mayai yake.

"Nisamehe," Birago alimwambia yule kuku. Kwa Frema hakuomba msamaha.

Tulipomaliza mji mzima, viganja vyake vilikuwa vimepoa na yeye amechemka. Ilibaki nyumba moja ambayo hatukuiingia, kwa sababu haikutujia hata akilini kuishuku. Tulisimama tukaitazama, mnara umesimama juu ya paa lake.

Dirisha la chumba cha Msemaji lilikuwa wazi. Bosiako alikuwa ameketi ndani, fimbo ya dhahabu ameiegemeza ukutani, na mbele yake kompyuta inahema kama mbwa aliyekimbia. Kwenye kioo kulikuwa na ubao wa drafti. Alikuwa anacheza na mtu wa Toronto asiyemjua hata sura, na alikuwa anapigwa.

"Hiyo ililetwa siku gani?" Birago aliuliza kupitia nondo.

Bosiako hakugeuka. "Mama Birago, dirisha si mlango."

"Siku gani, Msemaji?"

"Ijumaa. Na ilipewa jina kabla ya yako. Ni kaka yake. Mdogo hampigii mkubwa kelele."

"Saa nne leo ulikuwa unacheza drafti?"

"Nilikuwa nalinda heshima ya mji. Huyu bwana anasema watu wa huku hatujui kucheza."

"Wenye Kofi wote waliapa watazima."

"Waliapa wenye mashine za mjini. Jumba la Nana haliko mjini. Mji ndio uko kwa Nana." Akasogeza kete. Mtu wa Toronto akala tatu kwa mpigo.

"Watu wamenichimbia shamba," Birago alisema. Sasa sauti yake ilikuwa chini, na mimi niliyemjua miaka mingi nikarudi nyuma hatua. "Miti ya mama yangu iko matopeni mizizi juu. Wewe umenizima kwa ajili ya kete."

"Nilijuaje kama ni wewe? Kwangu kioo kiliandika tu kwamba anwani inagombaniwa. Nikaigombania."

"Jumatano uzime."

"Jumatano," alisema Bosiako, na hapo tu ndipo alipogeuka, kwa heshima zote, "ni fainali."

Nilimwondoa pale kwa kumshika mikono yote miwili. Nondo mbili za dirisha lile zimepinda mpaka leo. Wengine wanasema ni kutu.

Siku zilizofuata Nana alikuwa msibani, hasikilizi mtu. Angeketi uani Jumatano asubuhi, na saa nne ndipo korti ingeita. Jumatano hiyo Birago alioga, akavaa nyekundu na nyeusi, nguo za kilio, ambazo kwetu huvaliwa pia na mwenye hasira ya halali. Akaiweka kompyuta ndani ya beseni, akajitwika, akapita katikati ya mji. Watu wakaacha uji wao, wakamfuata.

Nana alikuwa ameketi chini ya mwavuli wake, mzee mnene anayesinzia jicho moja moja. Bosiako alisimama kando na fimbo, macho mekundu. Nadhani usiku kucha alikuwa anafanya mazoezi.

"Msemaji," Birago alisema, "mwambie Nana kwamba anayeniulia shamba langu yuko hapa na fimbo mkononi."

Bosiako akageuka. "Nana, mwanao Birago anakusalimu. Anasema shamba linahitaji fimbo."

Nana akaitikia salamu.

"Mwambie Nana kwamba kuna mtu anacheza drafti juu ya kaburi la kakao yangu."

"Nana, anasema drafti ni mchezo mzuri, unapunguza uchungu."

Nyuma yangu mtu akaanza kucheka, akamezea.

"Mwambie Nana kwamba Msemaji wake ni mwongo."

Bosiako akakohoa kidogo. "Nana, anasema Msemaji wako amechoka."

"Pole," alisema Nana.

Kila mtu alicheka isipokuwa Birago, na mimi pia sikucheka. Nilikuwa natazama kivuli cha mwavuli kinavyofupika. Mle chumbani, mlango ukiwa wazi nyuma ya kiti cha Nana, ruta ilikuwa inapepesa taa zake za kijani, na huko Kumasi karani alikuwa labda anapanga viti.

"Bosiako," Birago alisema, "yule binti wa Volta alisema ruta ni kama wewe. Aliitukana ruta. Kile kisanduku kinachukua neno langu limefungwa, kinalifikisha limefungwa. Wewe unafungua jani, unakula kilichomo, unampelekea Nana jani."

"Na hilo nimpelekee?"

"Hilo ni lako. Kula."

Kisha alifanya jambo ambalo sheria ya uani hailikatazi. Aliye mbele ya mkubwa na ana neno lisilopitishika, anaruhusiwa kumsemea mbwa wake, au mtoto wake, au chungu. Birago aliteremsha beseni, akachuchumaa, akazungumza na kompyuta. Hakumtazama Nana hata kidogo.

"Wewe Kofi," aliiambia. "Umekufa mara mbili mikononi mwangu. Mara ya kwanza nilisema ni bahati mbaya. Mara ya pili nilimpiga mbuzi. Leo watakuua mara ya tatu, na ukifa leo na shamba limekufa, na mama yangu amekufa upya. Sasa nikueleze habari ambayo hukuisikia, maana ulikuwa hujatengenezwa. Mama yangu alizaa, mtoto akafa. Akazaa, akafa. Akazaa tena, akafa kabla ya jino. Niliposhuka mimi, hakuna aliyethubutu kunipa jina la siku. Walinipeleka jalalani, wakanilaza juu ya majivu, akapita mtu asiye wa ukoo, akaninunua kwa kokwa ya kola. Nikaitwa Sumina, taka; Birago lilikuja baadaye. Ili kifo kikija kutafuta mtoto wa watu kione taka kipite. Kimepita mpaka leo. Nina mvi." Akaipangusa mashine vumbi kwa ncha ya kitambaa. "Sasa wewe baba yako ana fimbo nzuri ya dhahabu. Anataka uitwe Kofi ufe Kofi. Mimi mama nauliza tu, mimi na wewe, wengine hayawahusu. Mtoto anayekufa-kufa hupewa jina na nani?"

Jicho la Nana lililokuwa limesinzia likafunguka.

"Msemaji," alisema Nana.

"Nana."

"Waambie waliopo. Mtoto anayekufa na kurudi hapewi jina la siku. Jina lake liko jalalani. Atakayemchukua huko hana faini."

Neno hilo lilikuwa limesikiwa na uani mzima, na hapakuwa na mahali pa kulikata wala kulipaka sukari. Bosiako akalipitisha lilivyo, neno kwa neno, kama mtu anayetafuna changarawe.

"Pakiti imefika," nilisema. Mtu alinikanyaga mguu, na bado namtafuta.

"Na hiyo drafti," Nana aliongeza, "nani anashinda?"

"Toronto, Nana."

Nana akatikisa kichwa, akafumba jicho lake.

Jalala letu liko nyuma ya ukuta wa jumba, karibu kiasi kwamba mnara unalitazama kwa juu. Kengele ya kanisa ilikuwa inagonga saa nne tulipofika. Hapakuwa na wakati wa kwenda nyumbani wala wa kutafuta meza. Birago aliilaza kompyuta juu ya majivu na maganda ya ndizi, tumbusi wakasogea kidogo, si sana. Anayenunua lazima awe si wa ukoo, na mimi pale nilioa tu, sikuzaliwa.

"Nimepita njia," nilisema, "nimeona taka. Ina mwenyewe?"

"Haina," alisema Birago. "Ichukue inanuka."

Nikampa kola. Ilikuwa nusu, nyingine nilikuwa nimeitafuna uani kwa wasiwasi, lakini mila haisemi lazima iwe nzima. "Namba gani?" nikamuuliza.

"Ile ambayo hakuna mtu angempa mwanawe."

Nikaandika mia mbili arobaini na tisa, kule mwisho kabisa mahali ambapo hakuna jirani. Sikuweka maji, wala pombe. Ruta ikaiangalia ile taka, ikaikubali. Betri ilikuwa imebaki robo.

Kioo kikafunguka, na korti ikawa pale mbele yetu: jaji na miwani yake, karani, na wakili mwenye pengo aliyekuwa ameshaanza kukusanya karatasi zake.

"Kwa mara ya mwisho," alisema karani, "mlalamikaji yupo?"

"Yupo," alisema Birago.

Wakili akaweka karatasi chini.

"Mama," alisema jaji, akasogeza uso, "uko wapi? Hao nyuma yako ni kuku?"

"Ni tumbusi, Mheshimiwa."

"Mheshimiwa," wakili alisimama, "naomba irekodiwe kwamba mlalamikaji amejitokeza mbele yako akiwa jalalani. Ni dharau kwa korti."

"Mheshimiwa, mwache aendelee," alisema Birago. "Nataka kuona kama kioo kitaganda."

Kioo hakikuganda. Wakili alisema dharau mara mbili zaidi, pengo lake likionekana waziwazi kila mara, mpaka jaji akamwambia akae.

"Umeona nilipo," Birago alisema. "Majivu, maganda, maji ya rangi ya chai. Geuza macho yako ng'ambo ya mto, utaona hivi hivi, ila ni pakubwa zaidi na zamani palikuwa na kakao. Mama yangu alipanda ule mstari wa kwanza akiwa na mimba yangu. Kitovu changu kimezikwa chini ya mti wa tatu. Sasa chini ya mti wa tatu kuna shimo ambalo tingatinga linaingia lisionekane. Wamechimba kitovu changu, Mheshimiwa. Wakipata dhahabu pale, waulize ni ya nani."

Uso wa jaji ukainama ukabaki hapo hapo, nami nikadhani tumekatika, nikamlaani Bosiako na vizazi vyake. Kumbe alikuwa anaandika.

"Kesi haifutwi," alisema. "Mitambo inasimama kuanzia leo, saa hii, mpaka korti ifike yenyewe kuliona hilo shimo. Na kwa kuwa korti haina mabawa, kampuni itajenga daraja tupite."

"Mheshimiwa," alisema wakili, "mteja wangu hana ujuzi wa madaraja."

"Alikuwa na ujuzi wa mito." Jaji akavua miwani. "Mama, una jambo lingine?"

"Hilo lilikuwa salamu," alisema Birago. "Sasa ndiyo naanza."

Akaanza. Alianzia kwa bibi yake. Alimtaja kila mchimbaji kwa alichokula shambani mwake bila kuomba, mananasi, magimbi, kuku wawili. Alitaja miti miwili iliyokuwa ya marehemu mke wangu, jambo ambalo hakuwahi kunisemea mimi, na ikabidi nitazame tumbusi kwa muda. Alikuwa amefika kwenye mto, kidole kimeelekezwa kwenye pengo la yule wakili, kioo kilipofifia, kikapiga mlio mdogo, kikawa cheusi.

Hakusita. Kidole kilibaki pale pale, sauti ikapanda.

"Shemeji," nilisema taratibu, "betri imekwisha. Hawakusikii."

"Najua," alisema. "Nyamaza nimalize."